Walevi wa Dokta

Ukimwita Dokta alikusahihisha. "Mimi si daktari, mama. Mimi ni mganga msaidizi." Haya, ukimwita mganga msaidizi hakugeuka, alikupita kama hajasikia, mpaka upaze sauti, "Dokta!" Hapo alisimama. Kijiji kizima tulishamzoea. Tulimwita Dokta ili ageuke, naye alitusahihisha ili roho yake itulie, kisha tukaendelea na maneno yetu.

Alikuwa mtu wa huko Mbeya kwenye ndizi, serikali ikamleta kwetu karibu na Nyololo kwenye baridi na ugali, na hilo hakuisamehe. "Ninyi watu wa Iringa," aliniambia, "mkifika mbinguni mtauliza kwanza kama unga upo." Alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi, koti jeupe lililopigwa pasi likakauka kama ubao, na mfukoni kifuani, mahali wenzake wanapoweka kalamu, aliweka kijiko. Kijiko cha kulia, chake mwenyewe. Akialikwa harusini, kijiko. Akiwa msibani, kijiko. Watu walinong'ona kwamba anaogopa kulishwa dawa na wabaya wake, lakini ukimtazama ulijiuliza mtu kama yule angempata wapi mbaya.

Na huyo huyo aliyemchoma sindano kila mtu wa tarafa ile aliogopa sindano. Walipokuja wataalamu kutuchanja, sisi tumepanga mstari na mikono wazi, Dokta akakumbuka ghafla kwamba baiskeli yake ina pancha. Alikaa nyuma ya zahanati akiziba tundu ambalo halikuwapo mpaka gari la chanjo likaondoka.

Mimi nilikuwa na klabu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, upande wa pili wa barabara, mlango wangu na mlango wa zahanati vikitazamana. Wagema waliniletea ulanzi asubuhi na jioni kutoka kwenye mianzi ya mabondeni, nami nikauuza. Dokta alisema namletea wagonjwa, nikamjibu kwamba yeye ananimalizia wateja. Hatukugombana sana, maana kila Jumamosi alivuka barabara, akakaa kwenye kona yake, akanywa ulanzi kwa kile kijiko. Ndiyo, kwa kijiko! Kimoja kimoja, kama dawa ya kikohozi, mpaka jagi zima likaisha. Nikimcheka anasema, "Mama Klabu, mimi nakunywa kwa kipimo."

Mtu ambaye hakuvuka barabara ile kamwe ni mama yangu mzazi. Mama alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli, wa wale ambao hata togwa ya watoto isiyolevya waliinusa kwanza. Nilipofungua klabu baada ya mume wangu kuniacha, aliniambia neno moja tu, "Umenivua nguo," na tangu siku hiyo akienda kanisani alizunguka kwa njia ya shambani ili asipite mlangoni kwangu. Miaka ilipita hivyo. Nilimtumia sukari akaipokea, nilimtumia kitenge akakipokea, lakini mguu wake haukukanyaga kwangu. Iliniuma, na inaniuma nikisema hata sasa.

Kabla ya kipindupindu zahanati ya Dokta ilikuwa kama soko. Watu wetu walipenda zahanati jamani! Mtu aliamka na kikohozi kidogo, akaoga, akavaa shati la Jumapili, akaenda kuomba sindano. Ukimpa vidonge alinuna. Benchi la nje lilijaa tangu alfajiri, akina mama wanasukana, wazee wanasimuliana habari za magoti yao. Kuna mzee mmoja alikuja kila wiki na mgongo, Dokta anamuuliza, "Mgongo unasemaje?" naye anajibu, "Unakusalimu," anarudi nyumbani amepona. Dokta alilalamika sana. "Hawa watu wana ugonjwa mmoja tu, wa kunipenda."

Basi ndipo redio ikaanza kutangaza. Ikasema ugonjwa unazunguka dunia nzima, umetoka mbali huko ng'ambo, sasa umeingia na kwetu. Sisi dunia hatukuijua, tulijua umepanda lori Dar es Salaam ukashuka Nyololo. Pale barabara kuu wakaweka kizuizi. Mgambo walikumezesha dawa mbele ya macho yao, wakakufungua mdomo kuangalia kama umemeza, na ukirudi jioni walikumezesha tena kwa sababu wamekusahau. Amri ikaja kwamba kila anayeharisha na kutapika atengwe. Atengwe wapi? Kijiji hakikuwa na nyumba kubwa ya ziada isipokuwa ghala la pareto.

Pareto mnaijua, yale maua meupe yanayokaushwa kutengeneza dawa ya wadudu. Vumbi lake likikuingia puani utapiga chafya hadi uone nyota. Wagonjwa wa kwanza waliotengwa mle walitoka wamepona tumbo, lakini wanapiga chafya mfululizo, macho mekundu, kamasi tele. Kijiji kikatazama, kikafikiri, kikapata jibu. Kumbe dalili ya kipindupindu ni chafya!

Weee! Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Mtu akipiga chafya kanisani benchi zima linahama. Watoto walifundishwa kubana pua. Mchungaji mwenyewe siku moja alishikwa na chafya katikati ya sala, akaimeza, akageuka rangi, na waumini wakaitikia "Amina" kabla sala haijaisha ili watoke. Dokta alipita nyumba kwa nyumba akieleza, "Si chafya, ni tumbo! Chemsheni maji! Chimbeni vyoo!" Watu walimsikiliza kwa adabu, kutoka mbali. Kitu kimoja tu ndicho walichokiiga kwake, kijiko. Ghafla kila mwanamume ana kijiko mfukoni, hata wazee wa baraza, na ukisalimiana na mtu unasikia kengele kifuani. Dokta alijivuna hadi akasahau kwamba hakuna aliyechemsha maji.

Na zahanati ikawa tupu. Nani aende, ili akitoka wamwambie twende ghalani? Mwenye jino alikaa na jino lake. Fundi wa kuezeka alijikata mguu kwa shoka, akaufunga kwa gome la mti na kusema hauumi. Wengine waliamua kwenda zahanati ya kijiji cha pili, ambako hawajulikani. Lakini watu wa kijiji cha pili nao walikuwa wameamua kuja kwetu kwa sababu ile ile, basi wakakutana katikati ya njia.

"Kamwene. Mnakwenda wapi?"

"Kamwene. Shambani. Na ninyi?"

"Shambani vilevile."

Hakuna hata mmoja aliyebeba jembe. Wakatazamana kwa aibu, kila kundi likageuka likarudi kwao na maumivu yake.

Mimi nilimwona Dokta kila siku kutoka mlangoni kwangu. Mwanzo alifagia. Kisha akapaka chokaa. Kisha, nasema kweli, akaanza kukaa mwenyewe kwenye benchi la wagonjwa, amejiinamia, ameshika tumbo, ili wapita njia wadhani kuna mtu ametangulia. Nikavuka nikamuuliza, "Dokta, unaumwa?" Akasema, "Naonyesha mfano." Mfano wenyewe uliwafukuza na wale wawili watatu waliokuwa wanajikongoja kuja. Nilicheka siku ile, lakini jioni nilimwona ameinama vilevile na hapakuwa na wa kuonyeshwa. Watu walikuwa wanafia vyumbani mwao, mlango umefungwa, kwa kuogopa mlango wake yeye.

Kisha akaja kunifungia klabu. Amri ya kutoka juu, vilabu vyote vya pombe vifungwe. Alikuja na balozi wetu wa nyumba kumi na kufuli kubwa. Nilimtukana, sitasema nilisemaje. Akafunga, akatia ufunguo mfukoni karibu na kijiko, akasema, "Taratibu, mama, hatufukuzani," neno lake la kila siku, hata ukiwa unawaka moto.

Siku chache baadaye nimekaa uani nasugua majagi matupu, wakaja ndugu wawili wamembeba kaka yao, seremala, kwa mlango wa nyuma.

"Mama Klabu, tusaidie. Kalewa."

"Kalewa wapi? Ulanzi sina, mlango una kufuli."

"Mama, tafadhali," akasema mdogo wake, machozi yanamtoka. "Kalewa."

Nikamtazama seremala. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, nikimfinya ngozi ya mkono inabaki imesimama. Wale vijana walikuwa wamefikiri kuliko wakubwa wote. Duniani kuna mahali pamoja tu ambapo mtu anaweza kutapika, kujichafua, kulala chini asijiweze, na asiwepo wa kumuuliza kitu wala kumpeleka ghalani. Ni kwenye klabu ya pombe.

Nikavuka barabara mbio. Dokta alikuwa kwenye benchi lake. Nikamwambia, "Kuna mlevi kwangu." Akasema walevi si kazi yake. Nikamwambia, "Mlevi huyu hajanywa." Alisimama, kijiko kikaanguka, hakukiokota.

Tangu siku hiyo alikuwa anafungua kufuli lake mwenyewe kila asubuhi na kulifunga kila jioni. Sukari yangu yote aliimaliza. Maji tuliyachemsha kwenye mapipa yangu, chumvi kidogo, sukari kidogo, tunajaza kwenye majagi ya ulanzi, mgonjwa anakunywa na anayepita anaona mtu anakunywa. Yale maji ya mshipani aliyokuwa nayo machache aliyatundika kwenye boriti, akaivika kila chupa kibuyu, ukichungulia unasema huyu kiboko, ulanzi anatiliwa kwa mrija. Nyuma akachimba choo kirefu kwa mikono yake, akamwaga dawa na chokaa. Na walevi wakaja! Walikuja kutoka kila kitongoji. Walimu walevi, wanakwaya walevi, babu ambaye hajaonja pombe tangu abatizwe analetwa mgongoni kwa mwanawe, "Mzee kazidisha." Wale waliokuwa tayari kufa kuliko kuitwa wagonjwa walikubali kuitwa walevi bila shida, maana mlevi kesho yake anaamka.

Wakubwa wakaja kukagua. Wakaingia zahanati wakakuta hakuna hata nzi. Wakamshika Dokta mkono, wakampongeza kwa kijiji chenye afya. Kisha mmoja akageuka akaona watu wamelala kwenye mikeka ukutani kwangu.

"Na wale?"

"Walevi, mheshimiwa."

"Klabu si imefungwa?"

"Imefungwa, mheshimiwa. Ndiyo maana wamelala nje."

Wakamkaripia vikali kwa ulevi wa kijiji, wakampa sifa kwa afya yake, wakaondoka. Dokta alikaa kwenye kona yake ya Jumamosi akaomba chai, nikamtilia.

Tatizo la siri iliyotunzwa vizuri ni kwamba hata asiye mgonjwa anaiamini. Watu waliona jirani anakwenda kwangu hajiwezi, anarudi kwa miguu yake, na wakimuuliza anasema, "Nilikuwa nakunywa." Wakafikiri tena, wakapata jibu tena. Ulanzi unaponya! Madereva wa malori waliotoka Mbalizi walisimama mlangoni kuniomba dawa. Wagema, ambao nilidhani watakufa njaa, wakaanza kuuza majumbani kimyakimya. Dokta alishika kichwa. Akisema ulanzi hauponyi, itabidi aseme kinachoponya, na akisema kinachoponya, ghala la pareto linafunguliwa.

Mchungaji naye, masikini, hakujua lolote. Alichoona yeye ni kondoo wake wote kuangukia kwenye pombe kwa mkupuo. Kila Jumapili alihubiri ulevi, akilia kwelikweli, na mama yangu kwenye kiti cha wazee akiitikia kuliko wote.

Basi Jumapili moja mchana wanawake wawili wa kwaya wakatokea mlangoni kwangu. Mlango wa mbele, mchana kweupe. Katikati yao wamemshika mtu, kilemba kimelegea, miguu inaburuta. Mama.

"Mama kalewa," mmoja akasema, na wote wawili wakaangua kilio.

Nilijua neno hilo maana yake. Nilishalisikia kwa watu waliopona, na nilishalisikia kwa watu tuliowazika. Sikuwaza zahanati wala amri, niliwaza tu kwamba mama amevuka barabara kwa mara ya kwanza, na amevuka ili aje kufa kwangu bado amenikasirikia. Nilimlaza kwenye mkeka wangu mwenyewe, akanitapikia gauni zima, lile lililokwisha kunuka ulanzi miaka yote.

Dokta alipiga magoti, akamfungua jicho, akainama karibu na mdomo wake, akakaa hivyo kitambo. "Mama Klabu," akasema bila kunitazama, "toka nje kachemshe maji."

"Yapo yaliyochemka."

"Chemsha mengine."

Nikatoka. Nikachochea moto nikiwa sioni kwa machozi. Kutoka ndani nikamsikia mama anaimba wimbo wa kanisa, polepole, beti hazifuatani, nikajua anaaga. Kisha akacheka. Mama, ambaye sikumbuki kumwona akicheka kwa sauti! Nikasema sasa ni homa imepanda kichwani. Nikamwomba Mungu aniachie huyu mtu, hata kama hatanisemesha mpaka mwisho wa dunia, anizungukie tu kwa njia ya shambani kila Jumapili.

Dokta alimpa maji ya chumvi na sukari jagi zima, akakaa naye mpaka akalala. Asubuhi mama akaamka, akakaa, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kichwa kinapasuka," akasema.

"Dalili nzuri," Dokta akasema.

Nilimkumbatia, naye hakunitoa. Lakini kijiji kilikuwa kimemwona. Kwa yule babu aliyeletwa mgongoni aibu ya ulevi ilipita, kwa mzee wa kanisa haikupita. Akaitwa kujieleza. Wanawake wa kwaya wakamsihi mama akubali mchungaji aambiwe ukweli faraghani, kwamba ulikuwa ugonjwa. Mama akakataa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu wote, amevaa kile kitenge nilichomtumia, akasema kwa sauti yake ya kusomea Biblia, "Nilikunywa pombe nikalewa. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu." Nusu ya kanisa, wale "walevi" wote niliowanywesha kwa mkono wangu, wakatazama viatu vyao. Wakamtoa kwenye kiti cha wazee, wakamzuia meza ya Bwana. Tulilia, tukasema mama huyu amejivisha aibu asiyostahili ili sisi tusipelekwe ghalani.

Na kuanzia wiki ile akawa anakuja kwangu. Anakaa jikoni, ananisaidia kuchambua maharage, hasemi mengi. Ugonjwa ukaisha masika ilipoisha. Kufuli likatoka, zahanati ikajaa tena taratibu, wa kwanza akiwa yule mzee wa mgongo. Kanisa lilimrudishia mama meza ya Bwana. Mwaka uliofuata akafa kwa kifua, amelala kitandani kwangu, nimemshika mkono. Wakati huo Dokta alishahamishwa kurudishwa kwao Mbeya.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha na sabuni imeadimika, nikasafiri mpaka soko la Mwanjelwa kule Mbeya kwa sababu nilisikia iko. Nikasikia mtu anagombana na mwuza ndizi, anazigusa moja moja kama anatafuta mapigo ya moyo. Nywele zimekuwa nyeupe.

"Dokta!"

"Mimi si daktari," akasema akigeuka, akaniona, akanishika mikono yote miwili. Tukasimama katikati ya magunia ya maharage tukaulizana habari. Akauliza mama hajambo. Nikamwambia. Akavua kofia.

"Alijitoa kwa ajili ya kijiji," nikamwambia. "Kila nikikumbuka siku aliyosimama kanisani, nasema Mungu atamlipa."

Akazungusha kofia mikononi.

"Mama Klabu, mgonjwa akiniambia neno silisemi. Lakini huyu ni marehemu, na wewe ndiye mtoto."

"Sema."

"Mama yako hakuwa na kipindupindu. Alikuwa amelewa."

Nikamtazama nisielewe.

"Alisikia kwamba ulanzi unaponya," akasema. "Jirani yake alikuwa amekufa, akaogopa. Mgema wako mmoja akamwuzia, akanywa asubuhi na jioni kama dawa, na Jumapili ile alimaliza kibuyu cha ulanzi uliochacha siku tatu. Nilisikia harufu tu. Ndiyo maana nikakutoa nje. Alinishika koti akasema, 'Kijiji nitakiambia ukweli, siwezi kusema uongo kanisani, lakini mwanangu mwambie ninaumwa. Nimemnunia miaka yote kwa pombe hii, nitamtazama kwa uso gani?'"

"Na alicheka nini mle ndani? Nilimsikia."

Dokta akatabasamu. "Nilimuuliza kama alikunywa kwa shida. Akacheka. Akasema, 'Shida ilikuwa kijiko cha kwanza. Hivi huu ndio anaouuza mwanangu? Ni mtamu, Dokta. Mtoto wangu ana mkono.'"

Nilikaa chini pale pale, juu ya gunia la mtu, nikalia kwa sauti mpaka soko likageuka. Mwenye maharage akaja mbio akainama, "Pole, mama, pole. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Mama kasifu ulanzi wangu."